Mamkwe Aliyeruka Viunzi

Kambini, 4 Februari

Wifi yangu,

Nimefika salama, ila mgongo wangu nadhani bado uko njiani. Kambi ni makontena yaliyopangwa kando ya barabara ambayo bado haijawa barabara. Jiko langu ni mojawapo, limetobolewa matundu mawili ya moshi, na humo nawapikia wanaume wanaokula kama wamekodishiwa matumbo. Simu huku ni ya kutazamia saa tu, mtandao hakuna. Barua zitakuja na dereva wa boza la maji, ambaye hupita mtaani kwetu kila anapokwenda kujaza. Ni mwaminifu, lakini usimwonyeshe kwamba una haraka, maana hapo ndipo anapoomba chai.

Sasa habari za Mamkwe. Najua unamjua, umeishi naye nyumba moja tangu ulipohamia kwetu kaka yako alipougua. Lakini kumjua sungura ni jambo moja, na kumtunza sungura wa kuruka viunzi ni jambo jingine. Usimnyanyue kwa masikio. Usimpe kabichi. Usimwachie sakafu yenye maji, atateleza aumie nyonga. Mazoezi ni pale koridoni, viunzi vitano, na zile fito uziegeshe tu juu ya vigingi ili akizigusa zianguke. Usizibane. Mvalishe mkanda wa kifuani, shika kamba ikiwa imelegea, na wewe utembee nyuma yake. Nyuma, wifi, siyo mbele. Usimvute wala usimsukume. Akikaa, na wewe kaa. Sungura haruki kwa sababu umemwamuru. Anaruka kwa sababu ana raha, na ukishamwondolea raha hiyo huna tena cha kumfundisha.

Wewe unajua kwamba ndiye wa mwisho kuzaliwa mikononi mwa kaka yako. Wengine wote niliwagawa baada ya msiba. Huyu sikuweza. Mashindano ni mwezi wa sita, na nitaomba ruhusa nije nimshike kamba mwenyewe, kwa sababu amekuwa mtu mzima sasa na mwakani miguu haitakuwa hii.

Usisahau kumbadilishia maji.

Wifi yako wa kambini


Nyumbani, 19 Februari

Wifi,

Barua nimeipata, na dereva wako amekunywa chai vikombe viwili. Nilijaribu kuzihesabu hizo "usi" zako, vidole vya mikono vikaniishia nikaendelea na vya miguu. Umesahau moja tu: usipumue.

Mimi niko pale pale, chumba cha pasi, nyuma kabisa ya kiwanda cha dobi. Nanyoosha mashuka ya hoteli ambayo sijawahi kuingia hata kuuliza njia. Wasimamizi wanapita, wanasalimiana na mashine.

Kuna jambo nimelimeza siku nyingi, leo nalitema. Hivi kweli mlikaa, watu wazima wawili na akili zenu, mkaona jina la kumpa mnyama ni Mamkwe? Mamkwe wako wewe ndiye mama yangu mimi aliyenizaa. Kaka alicheka, najua, yeye alikuwa anacheka kila kitu. Mimi sijacheka mpaka leo.

Haya, mazoezi. Nilimvalisha mkanda, nikashika kamba ikiwa imelegea, nikasimama nyuma kama nasindikiza mgonjwa. Akaenda mpaka kiunzi cha kwanza, akakitazama, akaketi, akaanza kunawa uso. Nikaketi na mimi kama ulivyoagiza. Tukakaa koridoni wote wawili mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Yeye alikuwa anasaga meno polepole, amejinyoosha ubavu, ananitazama vile vile alivyokuwa akinitazama mama nikichelewa kurudi. Kwa hapo nakubali, jina limemkaa.

Muuza vyakula vya mifugo anasema majina ya mashindano yameanza kuandikishwa. Usipopata ruhusa, mimi nipo.

Wifi yako wa nyumbani


Kambini, 8 Machi

Wifi yangu,

Nimecheka jikoni peke yangu mpaka msimamizi akachungulia kuona kama nimevuta moshi mwingi. Jina alilitoa kaka yako. Mimi nilikataa, akasema mama mwenyewe akimwona atafurahi. Kama ni kosa, mlaumu yeye, na marehemu hajibu.

Umeandika kwamba anasaga meno na kulala ubavu. Hiyo ni habari njema kuliko zote. Maana yake amekuzoea na hana hofu. Mwache hivyo hivyo.

Ruhusa nimenyimwa. Wanasema wanaume mia hawawezi kulala njaa kwa sababu ya sungura, na niliposema ni mashindano ya mbio za viunzi walicheka mpaka wakaitana. Kwa hiyo tuyaache mwaka huu. Uliandika kwamba upo. Najua upo, wifi. Lakini kushika kamba siyo kushika pasi. Wewe mwenyewe unajijua, vitu havikai mikononi mwako: funguo, miavuli, hata yule mchumba wako fundi umeme. Wewe mpe chakula na maji, mfungulie koridoni atembee. Hiyo inanitosha kabisa.

Na ile nyasi kavu usinunue iliyolowa.

Wifi yako wa kambini


Nyumbani, 2 Aprili

Wifi,

Asante kwa kunikumbusha fundi umeme. Nilikuwa nimeanza kumsahau.

Keti kitako kwanza. Mamkwe ameruka! Na siyo kuruka kwa kubembelezwa. Ameruka viunzi vyote vitano kwa mkupuo mmoja, hakugusa hata ufito, na nilikuwa nakimbia nyuma yake kamba mkononi kama mtu aliyeibiwa. Nikarudia, akaruka tena. Kila jioni nikitoka kazini tunafanya hivyo. Nimeviinua viunzi zaidi ya pale mlipokuwa mnaviweka ninyi, na anapita juu yake kama havipo.

Nimegundua siri aliyokuwa anatumia kaka. Mliificha, ninyi wawili. Sikulaumu, kila fundi ana yake, lakini na mimi nina macho.

Tena amekuwa na adabu. Zamani nikiwa natafuna kitu alikuwa ananipanda mapajani kuomba. Sasa haombi, namwekea bakuli anakula mwenyewe nikishaondoka. Shida niliyo nayo ni fundi viatu wa chini. Anapanda kila siku kulalamika kwamba plasta ya dari inamwangukia kichwani na kwenye gundi. Nimemwambia avae kofia.

Nimemwandikisha. Jina lake na jina lako kama mwenye mali, na langu kama mshika kamba. Usinikasirikie.

Wifi yako wa nyumbani


Kambini, 17 Aprili

Wifi yangu,

Sikukasirika. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na kweli moyo wangu ulifurahi. Viunzi virefu kuliko vyetu! Kaka yako angekuwepo angetembea mtaa mzima akiwaeleza watu wasiomuuliza.

Lakini kuna mambo sijayaelewa, naomba unijibu moja moja. Akimaliza kuruka anafanya nini? Masikio anayaweka vipi? Anaendelea kusaga meno na kulala ubavu? Sungura anayeruka kwa furaha akimaliza hujipinda hewani kama mtoto mtundu, halafu anakuja kukunusa. Kwa nini hali mbele yako? Na hiyo plasta inaangushwa na nani? Mnyama mwenyewe uzito wake ni wa mkate. Hawezi kubomoa dari ya mtu.

Na hiyo siri ni ipi? Sisi hatukuwa na siri yoyote, tulikuwa na subira. Niambie unafanyaje, hatua kwa hatua. Usirembe.

Wifi yako wa kambini


Nyumbani, 1 Juni

Wifi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nasikia sauti yako ikinihoji kama polisi. Lakini wiki ijayo kutwa ni maandalizi, kwa hiyo nakujibu leo yaishe.

Plasta naiangusha mimi. Napiga mguu. Ndiyo hiyo siri, na usijifanye hukuijua, maana mimi niliiona kwa macho yangu. Kaka akiwa bado anaweza kukaa kwenye kiti, siku moja alikuwa koridoni na Mamkwe, mimi nikiwa mlangoni na beseni. Akapiga kisigino sakafuni mara mbili, kwa nguvu, mtu mgonjwa vile. Mamkwe akachomoka kutoka mwisho mmoja wa korido, akaruka kila kitu kilichokuwa njiani, kiti, ndala, ndoo, akaingia kwenye lile sanduku lake la mbao. Kaka akacheka akaniambia, "Umeona kasi hiyo?" Nimeiona, na sikuisahau.

Basi mimi naliweka sanduku mwisho, baada ya kiunzi cha tano. Namweka Mamkwe mwanzo, nasimama nyuma kama ulivyoniambia, napiga kisigino. Nimenunua viatu vya soli ngumu kwa kazi hiyo. Anaondoka kabla hata kamba haijakaza, hapo nayo kamba nahangaika nayo mimi.

Akimaliza anaingia sandukuni na kukaa kimya. Masikio yamelala mgongoni. Macho kayatoa, makubwa, yanang'aa. Hasagi meno. Anapumua haraka, lakini nani asiyehema akitoka mbioni? Ameanza kujing'oa manyoya kifuani, nadhani ni joto.

Juzi muuza vyakula vya mifugo alituita ukumbini tukafanye majaribio na wengine. Nilibeba sanduku langu. Aliporuka, wifi, watu walisimama. Walipiga makofi wakauliza huyu mwanamke ni nani. Mimi nina umri huu, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Mashindano ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne.

Wifi yako wa nyumbani


Kambini, 9 Juni

Wifi, acha. Acha leo hii.

Siku ile unayoisema, paka wa jirani alikuwa amepenya dirishani. Wewe ulikuwa mlangoni na beseni, hukumwona, alikuwa nyuma ya pazia. Sungura akiona hatari hupiga mguu wake wa nyuma chini, na wenzake wote hukimbilia shimoni. Kaka yako alijifunza kuwaiga. Kila alipomwona yule paka, kaka yako alipiga kisigino, na sungura wote wakaingia sandukuni kabla paka hajafika. Huo haukuwa mchezo na hatukuutumia kwenye viunzi hata siku moja. Alicheka kwa sababu Mamkwe alipona.

Unaelewa unachomwambia kila jioni? Unamwambia kifo kiko nyuma yake. Ndiyo maana anaruka namna hiyo. Haruki, anakimbia kuokoa roho yake. Wewe uliyekuwa unakaa naye koridoni akisaga meno, sasa hali chakula ukiwepo. Anang'oa manyoya kwa hofu, joto halihusiki.

Na ukumbini siku ya mashindano hawatakuruhusu kuweka kitu baada ya mstari. Atamaliza kiunzi cha tano halafu atakwenda wapi?

Usimpeleke. Nakuomba kama ambavyo sijawahi kukuomba kitu. Mwambie muuza vyakula anaumwa. Mwache akae siku nyingi bila mkanda, usivae hivyo viatu ndani, kaa naye chini kama ile mara ya kwanza mpaka akurudie. Dereva anaondoka asubuhi na nimemwapisha akupe mkononi.

Wifi yako


Nyumbani, 15 Juni

Wifi,

Barua yako ilifika Ijumaa, mkononi kama ulivyotaka.

Tumeshinda. Walikuwepo sungura wengi kuliko nilivyodhani, wengine wana mikanda ya rangi na washika kamba wamevaa sare. Mtangazaji alipotaja jina, "Mamkwe!", ukumbi mzima ulicheka, na mimi kwa mara ya kwanza nilicheka nao. Hakuangusha ufito hata mmoja. Hakuna aliyemkaribia kwa kasi. Nilikuwa nyuma yake viunzi vyote vitano, na baada ya hapo ilikuwa makofi tu.

Kikombe kipo juu ya kabati la kaka. Ni cha bati, lakini kinang'aa.

Mamkwe amechoka kidogo. Anapumzika.

Wifi yako wa nyumbani


Kambini, 22 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Nimeiweka barua yako chini ya mto. Asubuhi niliisoma kwa sauti mbele ya wapishi wenzangu, tukapiga masufuria mpaka msimamizi, yule yule aliyeninyima ruhusa, akaja kuuliza kulikoni, na alipojua akanipa mkono.

Sasa niruhusu niseme jambo ambalo nimelikawiza. Nilikuandikia barua mbaya. Nimekaa huku mbali, najifanya naona kila kitu, kumbe wewe uliyekuwa naye ndiye uliyemjua. Kama angekuwa na hofu kiasi kile nilichokiandika, angegoma ukumbini penye kelele na watu. Hakugoma. Alikwenda nawe mpaka mwisho. Ulikuwa sahihi, mimi nilikosea. Nilikuambia vitu havikai mikononi mwako. Nayafuta maneno hayo, na mengine mengi niliyokwambia tangu kaka yako akiwa kitandani. Najua hukuyasahau.

Siku moja tukiwa wazee tutakaa koridoni tukisimuliana, na mimi nitakuwa yule wifi aliyeogopa na wewe yule aliyethubutu. Nimekubali kuwa huyo.

Habari nyingine: nimepata likizo. Nafika mwanzoni mwa Julai. Mwambie Mamkwe namletea majani ya huku, kuna aina moja atanisamehe nayo kwa kumkimbia. Sina agizo lolote leo. Fanya unavyoona.

Wifi yako anayekupenda


Nyumbani, 28 Juni

Wifi,

Usije kwa furaha.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika pale ilipokunjwa. Tangu uolewe na kaka yangu, ndiyo ya kwanza kutoka kwako isiyo na agizo. Nilikuwa nimepanga kukuambia kila kitu kabla hujajibu, halafu ikafika hiyo. Nikajipa siku moja ya kuwa huyo mtu uliyemwandika. Nikajipa na ya pili.

Barua yako ya onyo niliisoma Ijumaa. Nilidhani ni wivu. Nilisema, huyu anaona nitafika mahali ambapo yeye na kaka hawakufika. Lakini nusu yangu ilikuamini, maana nilikuwa nimeyaona yale macho. Basi nikafanya nusu: nikalibeba sanduku mpaka ukumbini. Waamuzi wakakataa. Walisema baada ya mstari hakuna kitu. Nililiweka chini ya kiti changu nikasema nitamwondoa mashindanoni. Nilikuwa nimeshasimama kwenda kuwaambia. Hapo ndipo mtangazaji akataja jina, watu wakacheka, wakageuka wote kunitazama, na wale wa siku ya majaribio wakaanza kupiga makofi kabla sijafanya lolote.

Nikapiga kisigino.

Aliruka vyote. Baada ya cha tano alitafuta sanduku. Niliona kabisa akilitafuta, kichwa huku, kichwa kule, halafu akaongeza mbio. Kamba ilinichomoka mkononi. Utasema ni kawaida yangu, sema. Aliingia chini ya meza ya waamuzi, nikamfuata kwa magoti, nikamdaka. Nilitaka kumkumbatia tu. Hakujua kama ni mimi. Alirusha teke moja la nguvu mikononi mwangu, na nikasikia mgongo ukivunjika. Huku juu ya meza walikuwa wanasoma jina langu, makofi hayajaisha.

Miguu ya nyuma haiendi tena. Daktari wa mifugo alikuja siku ile ile akasema alale moja kwa moja, ni sindano moja, hatasikia kitu. Nilikataa. Nilimwambia mwenye mali yuko safarini, lazima aamue yeye. Namsafisha mwenyewe, namgeuza, namlisha kwa kijiko. Anajikokota kwa ile miguu ya mbele kwenda pembeni kila ninapoingia, hata nikiwa peku.

Kaka alipougua hukuniacha nimnyweshe hata maji. Ulisimama mlangoni na maagizo yako. Nilitaka kimoja, kimoja tu cha kwake, kiwe mikononi mwangu na kiende vizuri.

Njoo uamue.

Wifi yako


Kambini, 3 Julai

Nimeipata barua yako.

Mpeleke kwa daktari leo. Siyo kesho, siyo nikifika. Usiningoje hata saa moja. Zile wiki zote amekokota mgongo uliovunjika ili wewe usiamue peke yako. Ulipotaka makofi hukuningoja. Ulipofika wakati wa sindano ndipo ukakumbuka kwamba ana mwenyewe.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba wakati mwingine guu ni la mwingine, asiyekuwepo kwenye mazungumzo.

Umenifanya nikuombe radhi. Nilisimama mbele ya watu jikoni nikasoma barua yako kwa sauti, tukapiga masufuria, na mnyama amelala koridoni hawezi kukojoa bila msaada. Hilo sijui nitalibeba wapi. La Mamkwe naweza kusema hukujua, mpaka Ijumaa ile. La barua ya ushindi ulilijua kila neno.

Najua unajiuliza kwa nini nilisimama mlangoni kaka yako akiumwa. Sasa nimepata jibu, na wewe umelipata.

Sitalala nyumba hiyo. Nikija nitachukua nguo zangu na vitu vyake vichache, nitaondoka siku hiyo hiyo. Naomba usiwepo.

Mke wa kaka yako


Nyumbani, 8 Julai

Bibi,

Nilimpeleka siku barua ilipofika. Nilimshika mwenyewe. Daktari aliuliza kama nataka kutoka nje nikakataa. Ilikuwa haraka, kama alivyosema. Nimemzika nyuma ya jengo, karibu na ukuta, fundi viatu alinisaidia kuchimba.

Nguo zako nimezikunja na kuzipiga pasi. Vitu vya kaka nimeviweka juu ya kitanda, vyote, sikubakiza kitu. Ufunguo uko kwa fundi viatu. Njoo siku ya kazi, mimi natoka alfajiri narudi magharibi, hatutakutana.

Yote uliyoandika ni haki yako, isipokuwa lile la mlangoni. Kaka yangu aliingia chumba kile akitembea kwa miguu yake. Ulimlisha wewe, ulimnywesha wewe, dawa ulimpa wewe, na alifia mikononi mwako. Nilikuwa nje ya mlango na beseni nikisikia. Ulipotoka sikukuuliza ulifanya nini na hukufanya nini. Nilikushika, nikakuogesha, nikakuvika. Hata neno moja sikukuuliza, na wala sikuwahi kuwaza kwamba liko la kuuliza.

Leo nimewaza.

Dada wa marehemu